Punje Moja ya Mchele

Tak Byeong-gu aliambiwa kwamba mchoro wake si wake akiwa amesimama mbele ya mchoro wenyewe, kofia mkononi, na chini ya ukucha wa kidole gumba bado ana wino uleule uliokuwa kwenye turubai.

"Mwalimu, tunasikitika mno," alisema Daktari Gwak Mi-ryeong, mkuu wa kamati. "Tumekaa siku mbili. Tumerudia vipimo mara tatu. Mchoro huu haukuchorwa na Tak Byeong-gu."

"Tak Byeong-gu ni mimi."

"Tunajua, Mwalimu. Ndiyo maana tunasikitika."

Mzee alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wasomi. Akamtazama Bi. Pyeon, fundi wa vipimo, mama mwenye miwani mizito aliyekuwa amepiga magoti kando ya mashine yake. Bi. Pyeon hakucheka. Alikuwa anakunja waya, kama mtu aliyemaliza kuosha maiti.

Jumba jipya la Wakfu wa Haesol, mjini Daegu, lilikuwa lifunguliwe baada ya siku tisa. Kuta zote za ghorofa ya kwanza zilikuwa za michoro ya Tak. Hachori mtu, hachori mlima wala tawi la msonobari. Anachora mistari ya wino na miraba ya rangi, basi, na kwa mistari na miraba hiyo ndivyo alivyomlea mtoto, akazika wazazi, akapewa nishani mbili. Huu mpya, wa upana wa mita tatu na mistari themanini, ulikuwa uning'inie mbele ya mlango, mgeni aingiapo tu umkabe macho. Na Haesol wana kanuni yao: hakuna kinachopanda ukutani bila kupimwa, hata kama wino haujakauka na mchoraji yupo hapo anapiga chafya.

"Kosa lake nini?" aliuliza mzee.

"Umenyooka," alisema Bi. Pyeon.

"Ala! Mstari usinyooke, ufanye nini?"

Daktari Gwak akafumba macho. Mama huyu alikuwa ametumia miaka kumi na moja kuandika kitabu cha kurasa mia nne kuhusu jambo moja tu: kwamba katika kila mchoro wa Tak, tangu mwaka 1981, kila mstari hushuka kuelekea kulia kwa milimita tatu kasoro kidogo. Upana wa punje moja ya mchele. Jicho halioni, ila mwili unahisi. Watu husimama mbele ya michoro ile wakajikuta wameinamisha shingo bila kujua. Mteremko wa Tak, aliuita. Aliandika kwamba ni kilio cha nchi iliyokatwa vipande viwili, upande mmoja umelemewa. Wanafunzi waliufanyia mtihani.

"Michoro sitini na mmoja, Mwalimu. Yote inashuka. Hata ile uliyochora ukiwa na homa ya mapafu. Na wewe mwenyewe ulisema kwenye televisheni, nakumbuka neno kwa neno: mstari ulionyooka kabisa ni uongo." Akaunyooshea kidole mchoro mpya. "Huu ni uongo themanini."

"Labda siku hiyo mkono..."

"Kuna vijana umewapa kazi? Sema tu, haya mambo yapo. Kuna karakana mahali?"

"Nafanya kazi peke yangu!" Sauti ya mzee ilipiga dari ikarudi. "Miaka arobaini na mitatu, peke yangu!"

Daktari akainamisha kichwa kwa heshima zote, akasema kwamba gazeti moja limeshapata habari, hajui kwa njia gani. Kwamba kama huu mmoja una shaka, basi bodi itauliza kuhusu mingine. Kwamba kama hakuna maelezo kabla ya siku ya kufungua, milango itafunguliwa bila jina lake. Mzee alisikia maneno hayo kwa mbali, kama mtu anayesikia jirani akigombana.

Mlangoni, askari alimvua kadi shingoni. Ilikuwa imeandikwa MSANII. Akamvalisha nyingine ya kutokea. MGENI.

*

Nyumba ya Tak iko kwenye kichochoro cha mafundi nyuma ya stesheni, kati ya muuza misumeno na mchomelea vyuma. Muuza misumeno, Bwana Eom, alikuwa mlangoni na simu yake, habari ameshaisoma.

"Ee Mwalimu! Wanasema wewe ni bandia!"

"Niache, Eom."

"Mimi nimekutetea. Nimemwambia mke wangu, kama huyu ni bandia, basi bandia huyu ana bawasiri halisi, maana mto wa kukalia nilimtafutia mimi."

Wachomeleaji wakazima moto wao wapate kucheka vizuri. Mzee akaingia ndani, akavua viatu, akakaa chini pale pale kizingitini.

Bintiye Yeonhui na mumewe Hyeonseok walikuwa wameshafika. Waliagiza tambi za mchuzi mweusi, kwa sababu jikoni hakukuwa na kitu. Tangu Aprili, mkewe alipokwenda kwa dada yake huko Guryongpo kupumzisha goti, mzee alikuwa anaishi kwa tambi za pakiti na mayai. Mtungi wa kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ulikuwa umebaki maji yake mekundu tu.

"Nieleze, Baba," alisema Yeonhui. "Polepole. Mchoro huu ulikuwa na tofauti gani na mingine?"

"Hakuna. Uzi uleule wa babu yako, wino uleule."

Uzi huo ni wa seremala. Baba yake Tak alijenga mapaa ya nyumba za mbao, na alichomwachia mwanawe ni kibweta cha wino tu: uzi hupita ndani ya pamba iliyoloa wino mweusi, huvutwa juu ya mbao ukakazwa pande mbili, kisha huinuliwa kidogo katikati na kuachiwa. Tap! Mstari huo. Hakuna mchoraji mwingine nchini aliyekuwa akipiga mistari yake hivyo, na sifa za Tak zilianzia kwenye hiyo tap.

"Tofauti ipo, Baba," alisema Hyeonseok kwa sauti ndogo. Ni yeye aliyenunua, mwezi Machi, kile kifaa cha mafundi ujenzi kinachotupa mstari wa mwanga wa kijani ukutani. "Safari hii tulitumia taa. Na ule upande wa kulia tukapiga msumari."

"Ndiyo, na kazi ikaenda haraka."

"Na kabla ya msumari," Yeonhui akauliza, "upande wa kulia alishika nani?"

"Nani tena? Mama yako."

Tambi zilikuwa njiani kwenda mdomoni kwa Yeonhui. Zikarudi bakulini.

"Baba. Umewaambia wale watu unafanya kazi peke yako."

"Ndiyo, peke yangu."

"Na Mama alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshika uzi."

"Basi hukuwa peke yako!"

"Kushika uzi ni kushika uzi, Yeonhui! Hiyo si kuchora. Hata msumari unashika uzi!"

"Umeshika. Na umeona."

Mzee akanyanyuka, akaingia karakana, akatandaza turubai tupu sakafuni. "Njoo wewe," akamwambia mkwewe. Hyeonseok akabana uzi kwenye alama ya penseli, mzee akapiga, wakapima kwa rula ya chuma. Sawa. Yeonhui akashika. Sawa. Wakajaribu na kiti, wakajaribu na tofali la kupondea pilipili. Sawa, sawa. Bwana Eom akaitwa kutoka dukani, akashika akiwa na sigara mdomoni, mkono unamtetemeka. Hata yeye akatoa mstari ulionyooka kama sheria.

Mzee akaweka rula chini. Akakumbuka siku Daktari Gwak, akiwa bado mwanafunzi, alipomfuata na kumwambia habari ya mteremko. Siku hiyo pia alishtuka. Alikwenda nyumbani akapima kwa siri, akakuta ni kweli, na hakulala. Mwishowe akajiambia kwamba mteremko ule ni roho yake inavyojitokeza bila ruhusa. Alipoulizwa tena, akajibu, "Ndiyo, nilikusudia." Akawa anajibu hivyo miaka thelathini, mpaka akaamini.

Sasa yupo hapa, magoti sakafuni, na roho yake imekwenda Guryongpo kupumzisha goti.

*

Ilikuwa wiki ya kutia kabichi chumvi. Mzee alishuka kwenye basi na boksi la peasi, akafuata harufu ya vitunguu saumu mpaka uani kwa shemeji yake, Ok-nam. Kabichi mia moja na ishirini zilikuwa zimelala kwenye mabeseni, na kina mama watano wenye glavu nyekundu wamechuchumaa wakizipaka pilipili jani kwa jani.

"Heh!" Ok-nam akapaza sauti. "Aliyekuja ni shemeji yangu au ile nakala?"

Kicheko kikapanda ukuta. Mke wa Tak hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja ameunyoosha, figili mikononi.

"Mama Yeonhui," alisema mzee.

"Baba Yeonhui. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Vaa glavu."

Mchoraji mwenye nishani mbili akavaa glavu akachuchumaa. Akapaka kabichi ya kwanza, shemeji akamnyang'anya. "Unapaka rangi au unatia kimchi? Ingiza mpaka ndani kabisa!" Akapaka ya pili. Mafua ya pilipili yakamshika. Alipoona kina mama wamenogewa na mazungumzo yao, akamsogelea mkewe.

"Goti linaendeleaje?"

"Goti silo lililonileta."

"Si ulikuja kulipumzisha?"

"Nilikuja kwa sababu uliniambia, 'Sasa kaa tu, mashine inatosha.' Nikaona kweli, inatosha. Nikafunga begi."

Hilo nalo hakulitarajia. Ikambidi aseme lililomleta, akalisema kwa kuzunguka: kwamba kuna kijitatizo cha vipimo, kwamba mistari ya zamani ina kimteremko fulani, kwamba inawezekana, si lazima, lakini inawezekana kabisa kidole chake yeye Mama Yeonhui kilikuwa na kawaida ya kukosea kidogo...

"Kukosea?"

Ok-bun akaiweka figili chini. Ma Ok-bun ndilo jina lake, ingawa pale uani hapakuwa na mtu, ila dada yake, aliyewahi kumwita hivyo kwa miaka mingi. Akavua glavu ya kulia, akainua kidole gumba mbele ya macho ya mumewe. Ncha yake ilikuwa na kijifereji cheusi, kama kovu, pale uzi ulipokuwa ukikaa.

"Kidole cha mtu kinaweza kukosea mara elfu kadhaa, kwa kipimo kilekile, upande uleule?"

Mzee akakitazama kijifereji.

"Nilikuwa nashusha, Baba Yeonhui. Kwa makusudi. Punje moja. Kisha alama yako ya penseli naifuta kwa kifutio, unasema mke wangu ana usafi."

Kina mama waliacha kupaka. Mmoja akasema, "Mama yangu wee," akajiziba mdomo kwa glavu ya pilipili, akaanza kupiga chafya na kulia.

"Kwa nini?" mzee aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto aliyeangusha bakuli. "Nilikufanya nini?"

"Hukumbuki."

"Sikumbuki."

"Yule mgeni wa Paris. Mwaka themanini na moja, mvua ilikuwa imenyesha, kichochoro chote matope."

Mgeni wa Paris alimkumbuka vizuri sana. Ndiye mnunuzi wake wa kwanza wa ng'ambo. Alikumbuka hata tai yake.

"Uliniita nije nisalimie. Ukasema, 'Huyu ni mtu wa nyumbani.'"

"Ningesemaje? Ndivyo tunavyosema. Kila mwanamume mwenye adabu anasema hivyo kuhusu mkewe."

"Tunasema, ndiyo. Lakini mkalimani wako alikuwa mgeni wa kazi, akalitafsiri neno lilivyo. Mtu wa nyumbani. Yule Mfaransa akafahamu mtumishi. Akavua viatu vyake vyenye matope akanikabidhi mkononi, akanionyesha kwa kidole: sugua hapa, na hapa. Nikakutazama."

Mzee akainamia beseni.

"Nikakutazama wewe, Baba Yeonhui. Na wewe ukatazama dari."

"Nilikuwa..."

"Ulikuwa unauza. Najua. Na Yeonhui alikuwa na miezi saba, na mchele ulikuwa umebaki kikombe. Nikavisugua viatu mpaka nikajiona sura. Halafu mgeni akataka kuona mstari unavyopigwa. Nikashika uzi. Mikono ilikuwa bado na kiwi, uzi ukateleza kidogo, na wewe ukanifokea mbele yake: 'Shika vizuri, wewe!'" Akaichukua tena figili. "Nikashika vizuri. Nikashusha punje moja."

Kuna paka alikuwa analamba maji ya chumvi kwenye beseni. Hakuna aliyemfukuza.

"Nilidhani utaona jioni ileile," akaendelea, safari hii bila ukali. "Nikasema ataona, atauliza, na mimi nitamwambia, tutagombana, yataisha. Hukuona. Kesho yake nikashusha tena, labda leo. Hukuona. Likawa kama mtu anayegonga mlango kila siku. Mpaka yule binti msomi alipokuja na kitabu chake, nawe ukaja nyumbani umevimba kifua, unaniambia, 'Mama Yeonhui, ule mteremko niliubuni mimi.' Nilikimbilia chooni nikacheka mpaka nikashika ukuta."

"Mungu wangu," alisema mzee. Alikuwa ameketi kwenye matope ya chumvi, suruali imelowa, wala hakuwa na habari. "Miaka arobaini na mitatu."

"Kila siku isipokuwa mwaka mpya."

Kwenye sahani ya Ok-nam kulikuwa na nyama ya nguruwe iliyochemshwa, ya kula na kimchi mbichi. Ok-nam mwenyewe akamviringishia shemeji yake tonge ndani ya jani la kabichi, akamtia mdomoni kwa mkono, kama anavyolishwa mgonjwa. Akatafuna. Alipomaliza, akamwomba mkewe arudi ashike uzi.

"Nitarudi," alisema Ok-bun. "Lakini kwanza utawaambia wale watu. Mimi nikiwepo nasikia. Mtu wa nyumbani, viatu, dari, vyote."

"Nitakuwa kichekesho cha nchi nzima!"

"Basi baki na msumari. Wenyewe unashika vizuri."

*

Siku nne kabla ya ufunguzi, Tak alirudi Haesol na kibweta cha wino chini ya kwapa, na mkewe nyuma yake katika koti la kuendea harusini. Mlangoni wote wawili walivalishwa kadi za MGENI.

Mzee alisimulia. Alianza vibaya. Alinyoosha mkono kumtambulisha, na ulimi ukakimbilia njia yake ya siku zote: "Huyu ni mtu wa—" Akajing'ata. Ok-bun alikuwa amevitazama viatu vyake mwenyewe. "Huyu ni Ma Ok-bun," alisema mzee upya. "Mke wangu. Mteremko mnaoupenda ni wa kwake. Mimi sikuubuni. Mimi nilikuwa hata siuoni." Akaeleza yote, viatu, kiwi na dari, masikio yanamwaka mekundu, bila kujipunguzia hata nukta.

Bi. Pyeon alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Daktari Gwak alikaa sakafuni palepale na sketi yake ya heshima. "Kurasa mia nne," alisema. "Niliingiza vita. Niliingiza mpaka wa kaskazini. Niliandika sura nzima kuhusu mama wa taifa anayelia."

Ok-bun alimwendea, akachuchumaa kwa shida, goti likalia. "Usihuzunike, binti yangu. Si ulisema kuna upande umelemewa? Ulipatia. Ulichokosea ni ukubwa wa nyumba tu."

Lakini kamati ni kamati. Maneno hayapimwi. Turubai tupu ikatandazwa sakafuni, mita tatu, mbele ya Daktari, Bi. Pyeon, wajumbe wawili wa bodi na askari aliyeacha lango lake. Ok-bun akapiga magoti kulia, akaweka kidole gumba penye kijifereji chake. Mzee akapiga magoti kushoto. Akainua uzi, akaachia.

Tap!

Bi. Pyeon akasogeza mashine. Akapima. Akarudia kupima.

"Sifuri," alisema.

"Nini?"

"Umenyooka, Mwalimu. Haujashuka hata unywele."

Wajumbe wa bodi wakatazamana, mmoja akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kwenda kula. Mzee alimtazama mkewe kama mtu aliyefika daraja akakuta halipo.

"Mama Yeonhui," alinong'ona. "Shusha kidogo."

"Nimeshusha. Nimejaribu." Na uso wake mwenyewe ulikuwa na mshangao mtupu, alikuwa anakitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Hakishuki, Baba Yeonhui. Umeshasema. Umewaambia watu, umesema na jina langu. Sina sababu tena. Nitafanyaje?"

"Itafute sababu!"

"Haipo. Imeisha hapa hapa, ulipotaja dari."

Hapo ndipo mzee alipoyaona yote kwa pamoja: kuta tupu, milango inafunguliwa bila jina lake, miaka arobaini na mitatu inakunjwa kama waya wa Bi. Pyeon, na kwamba ukweli, alioutapika mbele za watu kwa aibu namna ile, ndio uliomla. Hofu ikampanda kichwani. Akaukamata uzi, na kabla akili haijaufikia mdomo, mdomo ukawa umeshafoka kwa sauti iliyotikisa vioo:

"Shika vizuri, wewe!"

Askari aligeuza uso. Daktari Gwak alijishika shavu kana kwamba kibao kimempiga yeye. Mzee mwenyewe alibaki kinywa wazi, neno limeshatoka, limesimama pale katikati ya turubai, halirudi.

Ok-bun alimtazama mumewe, kisha akainama akabana uzi.

Tap!

Hakuna aliyesogea ila Bi. Pyeon. Mashine yake ililia mara moja, ikalia mara ya pili. Akainua kichwa polepole.

"Milimita sita kasoro kidogo."

"Punje mbili," alisema Daktari Gwak.

"Moja ni ya viatu," alisema Ok-bun. "Nilidhani nimeisamehe. Ya pili ni ya leo."

Bi. Pyeon alikuwa na fomu yake, yenye visanduku viwili, na kalamu imesimama hewani. "Sasa niandike halisi au bandia?"

"Halisi," alisema Daktari Gwak. Alikuwa analia na kucheka pamoja, kamasi zinamtoka, hana habari na bodi. "Andika halisi, dada. Halisi kupita kiasi. Na ule wa msumari uondolewe. Mna siku nne, Mwalimu. Na wewe, Mwalimu," akamwambia Ok-bun, akainama mpaka kichwa kikafika usawa wa kiuno.

Ilikuwa mara ya kwanza Ok-bun kuitwa hivyo, na kwa sababu hakuzoea, aligeuka nyuma kutazama nani ameingia.

Turubai mpya ikaletwa. Mistari themanini. Askari akaja kimya, akawavua kadi zao za wageni, akasimama nazo mkononi hajui azipeleke wapi. Tak Byeong-gu akapiga magoti upande wake, akachovya pamba, akavuta uzi mpaka ukafika ng'ambo. Alitaka kuomba radhi, akaona watu ni wengi. Akataka kunyamaza, akakumbuka dari.

"Ma Ok-bun," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kabisa. "Nisamehe. Tunaanza na punje ngapi?"

Kidole gumba kikatua mahali fulani penye turubai nyeupe. Wapi hasa, alijua mwenye kidole.

"Vuta uzi, Baba Yeonhui," alisema. "Utajua wakipima."